Shahada ya maendeleo ughaibuni: iendewe lini?

Mwaka 1952 Uholanzi ilifungua taasisi ya masomo ya jamii mjini The Hague. Mwaka 1966 Uingereza nayo ikaanzisha Taasisi ya Masomo ya Maendeleo katika Chuo Kikuu cha Sussex. Tangu hapo, wengi wanaotaka kuuelewa umaskini wa kwao wamekwenda kuusomea kwenye nchi tajiri. Wapo wanaosema huko ni kupoteza njia. Mimi sikubaliani nao, ila naona wengi wetu huenda mapema mno.

Hofu ya wapinzani, kwamba mtu atajifunza kujaza karatasi bila kukijua kijiji, ina msingi. Chukua jedwali la mantiki ya mradi, lililobuniwa mwaka 1969 kwa ajili ya USAID, shirika la misaada la Marekani. Lina safu nne za wima na nne za mlalo, na mwanafunzi hufundishwa kulijaza: malengo, viashiria, uthibitisho, na mwisho kabisa yale yanayochukuliwa kuwa yatakuwapo. Penye matokeo anaandika "visima 10 vimechimbwa". Kwenye safu ya mwisho anaandika "jamii itavitunza", kisha anageuza ukurasa. Aliyewahi kufanya kazi kijijini atasita hapo, kwa sababu kazi yote imo ndani ya maneno hayo mawili: nani anashika ufunguo wa pampu, nani anakusanya michango ya vipuri, na mkubwa akikataa kuchanga nani atamwambia. Aliyetoka shahada ya kwanza moja kwa moja hana cha kumsimamisha.

Hata hivyo, ukosoaji mkali wa tabia hiyo umetoka ndani ya vyuo hivyohivyo. Robert Chambers, mtafiti wa maendeleo ya vijijini aliyekuwa Sussex kwa miaka mingi, alieleza jinsi wataalamu wanavyopenda vijiji vya kando ya lami, wakaenda wakati wa kiangazi njia zinapopitika, wakazungumza na wanaume na wenye uwezo. Njaa ya msimu wa mvua hawaioni. Somo hilo ukilipata ukiwa umeshapanda gari la mradi mwenyewe, linakuchoma.

Kuna faida nyingine ambayo ni vigumu kuipata nyumbani. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, waziri mkuu wa Norway, ilisema maendeleo endelevu ni kukidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima wa vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Kwenye kitabu inasomeka vizuri. Mkalishe meza moja anayetoka nchi inayotegemea makaa ya mawe na anayetoka kisiwa kinacholiwa na bahari, ndipo utaona kwamba "mahitaji" ni ya nani ndilo swali lenyewe.

Ajira ndiyo inayonitia wasiwasi. Uingereza iliiunganisha idara yake ya misaada na wizara ya mambo ya nje mwaka 2020, kisha mwaka 2021 ikashusha misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato la taifa hadi 0.5. USAID nayo ilivunjwa mwaka 2025. Kukopa ada ya Uingereza, ambayo kwa mgeni ni kubwa kuliko kwa mwenyeji, ukitegemea kuajiriwa na mashirika ya aina hiyo, ni hatari nisiyomshauri mtu. Afadhali Ujerumani, ambako vyuo vingi vya umma havitozi ada.

Wafadhili wenyewe wanalijua hilo la kwenda mapema. Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, hutaka uzoefu wa kazi wa takriban miaka miwili, tena urudi kwenu kwa miaka miwili baada ya masomo. Kwa hiyo aliyekwisha kufanya kazi na amepata ufadhili, namwambia aende. Ila kabla ya kukubali nafasi aandikie chuo aulize: kozi ni ya mwaka mmoja, tasnifu inaangukia miezi michache ya mwisho, je, mtaniruhusu nikakusanye data kwetu, na nani atanisimamia nikiwa huko?