Mtoto wa 46 ataenda wapi?

Tuseme barua ya ajira ya mwalimu wa shule ya msingi huko Mbagala, Dar es Salaam, imeongezewa kifungu kimoja: darasa lake lisizidi wanafunzi 45. Januari shule zinafunguliwa, na mtoto wa 46 anafika getini kashikwa mkono na bibi yake, cheti cha kuzaliwa kiko kwenye bahasha ya kaki. Nani atamwambia bibi arudi nyumbani?

Swali hilo huwafanya wengi walikatae wazo lenyewe, la kuweka ukomo wa darasa kwenye mkataba wa mwalimu, kabla halijaelezwa likaisha. Nadhani wanaharakisha, ingawa hoja yao si nyepesi.

Hiyo 45 ipo tayari kwenye miongozo ya serikali: mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi, na 25 kwa elimu ya awali. Ndiyo inayopigiwa hesabu ya ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inastahili. Lakini ni kipimo cha kugawia walimu. Mwalimu mwenyewe hajaahidiwa kitu. Akipewa darasa la watoto 120, hakuna kilichovunjwa. Tena uwiano ni mjanja. Shule yenye walimu 40 na wanafunzi 1,800 inasomeka safi kabisa kwenye karatasi, 45 kwa mmoja. Ikiwa na vyumba 15, kila chumba kina watoto 120, na walimu 25 wamekaa ofisini wakisubiri kipindi chao. Hii ndiyo Dar es Salaam. Walimu wanalilia kupangiwa jijini, wengine wakifuata wenzi wao. Kinachokosekana ni chumba na kiwanja cha kukijenga. Si ajabu shule za ghorofa zimeanza kuota.

Kwa mwalimu, maana yake inapimwa kwa saa. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Gawa kwa 120: kila mtoto sekunde 15, hujawanyamazisha bado. Daftari moja likisahihishwa kwa dakika moja, zoezi moja linakula saa mbili. Ndiyo maana watoto hubadilishana madaftari wakasahihishiana, au mwalimu hupitisha tiki moja ndefu ukurasa mzima na maisha yakaendelea. Mwanafunzi wa darasa la tano atavumilia. Anayejifunza KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), anayeandika "b" ikielekea kushoto, hatavumilia. Huyo anahitaji mtu wa kuona jinsi anavyoshika penseli.

Pamoja na hayo, madai ya walimu wetu yamekaa zaidi kwenye mshahara, madaraja na malimbikizo. Hata mgomo wa 2012, ule uliozimwa na mahakama, ulihusu nyongeza na posho. Siwalaumu.

Kwingine mambo yalikwenda tofauti. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, ukomo wa darasa ulikuwa kwenye mkataba wa hali bora, ule ambao chama cha walimu hufunga na mwajiri. Mwaka 2002 serikali ya jimbo ikaufuta kwa sheria. Walimu wakaenda mahakamani, na Novemba 2016 Mahakama ya Juu ya Kanada ikawapa ushindi. Jimbo likalazimika kuajiri maelfu ya walimu. Los Angeles kisa kilikuwa kingine. Namba iliandikwa mkatabani, lakini kando yake kilikaa kifungu kilichomruhusu mwajiri kuipuuza. Mgomo wa Januari 2019 ndio uliokiondoa. Miaka yote hiyo namba ilikuwepo, imevaa suti, haina kazi.

Sasa wapinzani. Wana silaha mbili nzuri. Ya kwanza ni California, iliyoanza mwaka 1996 kupunguza madarasa ya chini hadi watoto 20. Nafasi zikafunguka kila mahali, walimu wazoefu wakahama shule za maskini kwenda shule za wenye nafuu, na nyuma yao wakaingia wasio na sifa kamili. Weka ukomo mkali hapa kwetu, kisha jiulize walimu wa Kigoma na Simiyu wataelekea wapi. Silaha ya pili iko karibu zaidi. Magharibi mwa Kenya, mwaka 2005, shule 210 ziliingizwa kwenye utafiti, na 140 kati yake zikaongezewa mwalimu wa mkataba wa muda, darasa la watoto zaidi ya 80 likagawanywa nusu. Waliobaki na mwalimu mwenye ajira ya kudumu hawakupata nafuu ya maana, kwa sababu walimu hao walilegeza kamba. Waliofundishwa na yule wa muda ndio waliosonga. Mwalimu akisoma hapa atakunja uso, lakini hoja haijibiwi kwa kununa.

Mimi naona kosa ni kuufikiria ukomo kama geti. British Columbia wana jibu bora: darasa likizidi, mtoto hafukuzwi, mwalimu ndiye anayefidiwa, kwa muda zaidi wa maandalio au mwenzake wa kufundisha naye. Hilo linawezekana Mbagala. Wale walimu 25 wa ofisini wapo. Kifungu kiseme: darasa la kwanza na la pili likipita 45, mwalimu wa pili anaingia chumbani, likipita 90, shule inagawa asubuhi na mchana. Nilivyotaja madarasa mawili tu ni makusudi, huko ndiko hasara haifidiki.

Na saa inakwenda. Kwa mtaala mpya, unaomaliza msingi darasa la sita badala ya la saba, walioanza nao wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 wanamalizia la sita 2027, mwaka uleule ambao kundi la mwisho la darasa la saba linamaliza. Januari 2028 mikondo miwili inaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Sekondari zitaonja kile ambacho msingi ilikionja elimu bila ada ilipoanza 2016.

Shule binafsi zingeweza kutangulia, maana sheria ya ajira ya 2004 inaruhusu chama na mwajiri kufunga mkataba wa hali bora. Namba zenyewe wanazo. "Darasa lisilozidi watoto 30" imeandikwa kwa wino wa rangi kwenye bango la barabarani, chini ya picha ya basi la njano. Kwenye mkataba wa mwalimu haimo.