Honi za mshindi, kinyongo cha aliyeshindwa

Wallahi inaniuma. Mwaka 2022 sisi wa Mombasa tulingoja hadi Agosti 29 kumchagua gavana kwa sababu karatasi za kura zilikuja na makosa. Tukangoja kwa amani. Subira hiyo wagombea wetu hawana.

Kwetu Majengo, aliyeshinda kiti cha wadi alipitisha msafara wa tuktuk na honi saa saba usiku mbele ya mlango wa mwenzake aliyemshinda. Mle ndani mna bibi mgonjwa, mna watoto wamelala! Naye aliyeshindwa, kesho yake akatuma vijana waje kung'oa tangi alilotuwekea msikitini wakati wa kampeni. Maji ya kutawadha, jamani!

Kama una ushahidi wa wizi, sheria inakupa siku 28 baada ya matokeo kutangazwa uende mahakamani. Nenda, ni haki yako. Kama huna, mpigie simu umpongeze. Na wewe mshindi, mfuate kwake mnywe kahawa. Mmekua mtaa mmoja nyinyi, mmecheza mpira pamoja. Hadi leo watoto wenu wanapishana mlangoni mwangu bila salamu.