Derby ya Ngong yataka pumzi

Mwandishi, katika utabiri wako wa Derby ya Kenya, mbio za farasi za uwanja wa Ngong, Nairobi, umempa nafasi ya kwanza farasi aliyeshinda mbio za mita 1,600. Lakini Derby ni mita 2,400, na kwa mvua hii ya masika nyasi za Ngong zitakuwa zimelowa Jumapili. Kasi ya mwanzo huishia njiani. Mimi namtaka yule aliyemaliza wa tatu katika mbio hizo za mita 1,600, maana alikuwa bado anaongeza mwendo wenzake wakilegea. Tena Derby si hendikapu, yaani mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili kuwasawazisha na wenzao, kwa hiyo aliye bora habebeshwi uzito wa kumpunguza kasi. Ila msiweke dau kabla ya kuwaona farasi wakizungushwa uani, pale wanapoonyeshwa kabla ya mbio: anayetoka povu jeupe shingoni na kupigana na hatamu, nguvu zake anazimaliza pale pale.