Namna nilivyozika wazee watatu wazima

Kabla hamjapata ile odio ya masta wangu, rafiki yangu mpiga kinanda, ile anayosema nilizimia jukwaani: sikuzimia. Niliketi. Kwamba pale nilipoketi hapakuwa na kiti, hayo ni mambo mengine.

Mnajua sherehe yetu ya tuzo za maigizo hapa Lubumbashi. Safari hii mwongozaji alikuwa miye. Koti la kuazima, viatu vya shemeji, na kichwa kilichovimba tangu dakika ya kwanza, maana kichekesho changu cha kufungulia kilishika. Niliwakumbusha kwamba lile Jengo la 30 Juni lilijengwa miaka ya 1950 liwe ukumbi wa maigizo, kisha wabunge wa jimbo wakaingia humo, na mpaka leo hakuna aliyeona tofauti. Sale nzima ikaanguka kwa kicheko. Papa mmoja wa mstari wa mbele, mwenye kofia ya ngozi, alicheka hadi akakohoa. Mumushike huyo Papa, tutarudi kwake.

Tukatoa tuzo nne vizuri. (Tuzo yenyewe ni kimsalaba cha shaba, mfano wa zile pesa za zamani za Katanga. Kikikuangukia mguuni utajua wazee wetu walikuwa wanabeba mali kweli.) Kisha kuran ikakatika. Gurupu, ile jenereta, likagoma kuwaka. Nikawasha tochi ya simu, nikainua karatasi ya komite. Iliandikwa hivi:

WAZEE WALIOTUTANGULIA (3). KUSIMAMA.

Sasa ninyi mnaocheka, mungeelewa nini? Kwetu mutu akitangulia, ametangulia. Kumbe komite ilimaanisha wametutangulia katika kazi, wale walioanza kupanda jukwaani zamani, enzi mchekeshaji Mufwankolo anavunja watu mbavu kwa Kiswahili chetu. Niwaite, wasimame, wapigiwe makofi. Basi.

Miye nikashusha sauti, ile ya misa ya wafu. «Ndugu zangu, tusimame wote. Dakika moja ya kimya.» Nikasoma majina matatu, polepole, na mbele ya kila jina nikaweka «marehemu». Karatasi haikuwa na neno hilo. Nililiongeza miye mwenyewe, kwa heshima.

Masta naye, huyo huyo anayesambaza odio, akaanza kupiga wimbo wa kilio.

Sekunde ya kumi: kimya, ila nje mtu anavuta kamba ya gurupu, krr, krr, halafu anatukana. Ya ishirini: mama mmoja nyuma anaanza kulia kweli. Nikafurahi! Nikajisemea, leo umeiva. Ya thelathini: tochi yangu inafika mstari wa mbele. Kuna mzee ambaye masikio yake yamechoka. Amesimama wima, kichwa chini, mikono imefungamana. Anajiombolezea. Pembeni yake, Papa wa kofia. Amevua kofia, ameishika kifuani, lakini macho yako kwangu, hayapepesi. Nikaanza kujiuliza, sura hii niliiona wapi? Nikakumbuka. Mlangoni. Kwenye bango. Picha kubwa, na nilipokuwa ninaingia niliisalimia.

Ya arobaini na tano: Papa anainua kidole, kama mwanafunzi.

«Mwanangu, miye nilikufa saa ngapi? Maana njaa ningali naisikia.»

Hapo ndipo gurupu likawaka. Taa zote, usoni pangu, mdomo wazi.

Hapo ndipo niliketi.

Watu walidhani ni igizo, wakapiga makofi kuliko tuzo zote nne. Mzee wa tatu hakuwa amekuja. Kuna aliyepiga simu kwao Katuba kutoa pole, na mzee huyo alipotoka chumbani na singleti alikuta viti vya plastiki vimepangwa barabarani, wamama wanalia, akauliza nani amekufa. Bukari, ugali wetu, sikula. Pesa yangu komite imekalia. Shemeji anataka viatu vyake.

Na leo, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikalia. Nikasikia kikohozi kwanza.

«Allo, mwanangu. Marehemu hapa. Ile mbuzi ya kunifufua, inakuja kwa miguu ao kwa pikipiki?»