Kijani cha Marekani si kijani cha Ulaya

Kila yanapotajwa makosa ya gesi hospitalini, wengi hudai dunia ikubaliane rangi moja kwa kila gesi. Hoja hiyo ina uzito. Rangi huonekana tangu mlangoni, na muuguzi wa zamu ya usiku hana muda wa kuinamia maandishi madogo. Kiwango cha kimataifa, ISO 32, kimeipa oksijeni ya tiba rangi nyeupe, na Uingereza ilianza kuachana na mitungi yake myeusi yenye mabega meupe, yaani sehemu ya juu chini ya vali.

Wanaosisitiza "soma lebo kwanza" huonekana wakaidi tu. Naona hawajasikilizwa. Chukua kijani. Marekani ni oksijeni ya tiba, na kanuni ya 2016 ya FDA, mamlaka ya dawa ya huko, imelifanya bega la kijani kuwa sharti. Ulaya, chini ya kiwango chao EN 1089-3, bega la kijani kilichokoza ni argoni, gesi isiyoweza kushika nafasi ya oksijeni mwilini. Gesi hiyo haina harufu wala haiwashi koo. Zaidi ya hayo, kinachotufanya tuhisi kukabwa ni hewa ukaa inayojikusanya mwilini, na anayevuta argoni anaendelea kuitoa kama kawaida. Hapigi kelele, hapapatiki. Anazimika tu, huku aliyemfungulia mtungi akiamini amempa oksijeni.

Nyeusi nayo Marekani ni nitrojeni. Njano huko ni hewa ya tiba. Ulaya bega la njano huonya kuna sumu au kemikali babuzi. Hospitali inayopokea mitungi ya msaada kutoka pande zote mbili itafuata rangi ipi? Hata tukikubaliana leo, mtungi wa chuma huishi miongo, na miaka yote ya mpito rangi moja itabeba maana mbili.

Ndiyo maana mitungi midogo ya hospitali ina matundu ya pini kwenye vali: oksijeni nafasi ya 2 na ya 5, naitrasi oksaidi (gesi ya kupunguza maumivu) ya 3 na ya 5, ili kifaa cha gesi moja kisikubali mtungi wa nyingine.

Wapiga mbizi wanaotumia nitroksi, hewa iliyoongezewa oksijeni, wamekwenda mbali zaidi. Wanajua oksijeni tupu chini ya mita 6 hivi inaweza kuleta degedege majini, na mchanganyiko wa asilimia 32 una kikomo cha mita 33 hivi. Hivyo kila mmoja hupima mtungi wake mwenyewe kwa kipima oksijeni, akaandika kwenye utepe asilimia, kina cha mwisho, tarehe na jina lake. Mtungi ukijazwa upya, utepe hubanduliwa, kipimo kinaanza tena.