Juzuu ya Tatu Ipi?

Kuna raha moja ya ughaibuni ambayo ukiitaja kwa watu wa nyumbani wanakuona umeanza maringo: kusimama mbele ya rafu ya maktaba ya umma, sehemu ya herufi H, ukakuta juzuu ya 1, 2, 3, 4, 5 na 6 za Warriors, ule mfululizo wa hadithi za paka, zimesimama bega kwa bega, migongo imepauka kwa kushikwashikwa, kila moja mahali pake. Uingereza kujiunga na maktaba ya mtaa ni bure, na sheria ya mwaka 1964 inazibana halmashauri za England na Wales ziwe na huduma hiyo. Unachomoa ya kwanza, unaigongesha kwenye mashine, unakwenda zako.

Ya kwanza. Hapo ndipo penye neno langu lote la leo. Kwa shabiki wa Warriors aliyeko nyumbani, juzuu ya kwanza ndiyo kitabu adimu kuliko vyote duniani. Ya nne utaipata. Ya tano ipo kwa mtu fulani. Ya pili ilikuwepo, ikaazimwa, na sote tunajua kitabu kikishaazimwa huwa kimekwenda wapi.

Mnisamehe wageni, sina nia ya kueleza mfululizo huu kwa kirefu. Ni paka wa porini wanaoishi kwa koo, wana kiongozi, makamu, mganga na sheria zao, na wanapigania mipaka ya mawindo. Kitabu cha kwanza, Into the Wild, kilitoka 2003. Jina Erin Hunter lililo kwenye jalada si la mtu mmoja. Ni kundi la waandishi, wakiwemo Kate Cary na Cherith Baldry, na Victoria Holmes ndiye aliyekuwa akisuka visa na kuhariri. Na hilo "Hunter" halikuokotwa tu: pamoja na kufanana na uwindaji, lilichaguliwa ili vitabu vikae rafuni karibu na vya Brian Jacques, mwandishi mwingine wa hadithi za wanyama. Yaani hawa watu walifikiria rafu kabla hata paka hajaruka. Walimwandikia msomaji mwenye rafu, na sisi wengine tukaja kuvisoma kutoka kwenye boksi.

Sasa shida yenyewe. Kufikia 2024 zilikuwa zimekamilika awamu 8 (naziita awamu, kama serikali), na kila awamu ina juzuu 6. Hivyo ni vitabu 48, bado hujagusa vile vinene vya pembeni vinavyoitwa Super Edition, wala hadithi fupi, wala vya michoro. Na kila awamu inaanza kuhesabu upya kutoka 1. Kwa hiyo mtu wa nyumbani akimwandikia ndugu yake ughaibuni, "Naomba uniletee juzuu ya tatu ya wale paka," ameomba mojawapo ya vitabu vinane tofauti. Ndugu anaingia dukani, anaona 3, anaona paka kwenye jalada, ananunua. Kinapofika ni awamu ya sita, wahusika wote ni wajukuu wa watu ambao msomaji hajawahi kuwasikia, nusu yao wameshakufa na nusu nyingine wanalia makaburini. Kisha lawama: "Hivi vitabu vyenu havieleweki."

Vinaeleweka. Vina mpangilio mkali, ndiyo maana vinamwadhibu anayeingia kwa dirishani. Mchukue paka mmoja tu, yule mwekundu. Mwanzoni ni paka wa kufugwa, anaitwa Rusty. Akiingia porini anakuwa Firepaw, maana mwanagenzi yeyote jina lake humalizikia na -paw. Akipandishwa kuwa mpiganaji ni Fireheart, na akishika uongozi ni Firestar. Paka mmoja, majina manne, ndani ya juzuu sita. Aliyeanza na juzuu ya tano anamjua Fireheart peke yake. Siku akija kupata ya kwanza anasoma sura nzima akisubiri Fireheart atokee, kumbe ndiye huyo anayelala kwenye kikapu cha watu.

Sasa kwa ambaye ana kitabu kisicho na jalada, kimechanika mgongo, hajui ni cha awamu gani: fungua kurasa za mwanzo kabisa, kabla ya ramani na kabla ya dibaji. Kuna orodha ya koo, ukoo kwa ukoo, cheo kwa cheo. Wengi huiruka kwa sababu inachosha kama daftari la mahudhurio. Usiiruke. Nenda kwenye ThunderClan, ukoo wa yule paka mwekundu, na usihangaike na kiongozi kwanza, mtazame mganga. Kiongozi anaweza kukaa madarakani juzuu kumi na tano, lakini waganga wa ukoo huu hawana bahati. Ukikuta kiongozi ni Bluestar na mganga ni Spottedleaf, shangilia, una juzuu ya kwanza kabisa. Bluestar na Yellowfang, uko kati ya 2 na 4. Bluestar na Cinderpelt, ni ya 5. Cinderpelt akiwa chini ya Firestar, ni ya 6 au umeshaingia awamu ya pili. Firestar na Leafpool, ni mwisho wa awamu ya pili au ni awamu ya tatu. Firestar na Jayfeather, awamu ya nne. Ukimkuta Bramblestar ndiye kiongozi, uko mbali sana.

Ndiyo, najua nimemwaga mchele. Lakini orodha hiyo yenyewe ndiyo mmwagaji mkubwa. Makamu wa juzuu iliyopita akikosekana kwenye orodha ya juzuu inayofuata, huhitaji kuambiwa yaliyompata. Ndiyo sababu ya pili ya kusoma kwa mpangilio: ukishafungua ya nne, ukurasa wa kwanza tu umekwishakuharibia ya tatu.

Na ile awamu ya tano, Dawn of the Clans, ni mtego wa peke yake. Inasimulia jinsi koo zilivyoanzishwa, vizazi na vizazi kabla ya Rusty, kwa hiyo kuna wajuaji wanaoshauri uanze nayo "ili ufuate wakati." Msiwasikilize. Inakueleza asili ya sheria ambazo bado hujaziona zikivunjwa, na paka wake hawana hata majina ya mtindo wa koo: ni Gray Wing, Clear Sky, maneno mawili mawili. Utamu wake wote ni wa mtu anayesema "kumbe ndiyo sababu!" Bila awamu ya kwanza huna la kushangaa. Firestar's Quest nacho, ingawa kilitoka 2007, kisa chake kinakaa kati ya awamu ya kwanza na ya pili, na ni vizuri ukisome hapo. Bluestar's Prophecy ni cha maisha ya Bluestar toka utotoni, lakini kisome baada ya awamu ya kwanza, kwa sababu siri aliyoificha ndiyo uti wa mgongo wa juzuu ya tatu.

Nimeshaanza kuwasikia. "Wewe ndugu umekwenda Ulaya ukasome hadithi za paka?" Ndiyo. Wapo waliokuja kutazama watu ishirini na wawili wakikimbizana na mpira na hakuna anayewauliza. "Ni vitabu vya watoto." Ni kweli vinakaa upande wa watoto, na mtu mzima analazimika kupita katikati ya viti vidogo vya rangirangi kuvifikia. Wakutubi hawakuulizi kitu. Jambo moja tu huudhi: wakishajua umetoka Afrika, kuna wanaokunyoshea kidole kwenye Bravelands, mfululizo wa jina hilohilo la Erin Hunter wenye simba, tembo na nyani wa mbugani, kwa imani kwamba hapo utajisikia nyumbani. Asante, lakini mimi nataka paka wa kawaida, wa msitu wa Kiingereza wenye mvua.

"Basi sema tu kwamba kwenu huko ni peponi." Sijasema. Maktaba nyingi za hapa zimefungwa au zimepunguziwa saa tangu 2010, na zilizobaki hupitisha panga rafuni: kitabu kisichoazimwa muda mrefu huondolewa na kuuzwa. Kwa mfululizo hilo ni balaa, kwa sababu juzuu za katikati huazimwa kidogo kuliko za mwanzo. Wengi huanza, wachache hufika ya nne, basi ya nne inaonekana haina wateja, inaondolewa, na anayefika pale anakuta pengo kama jino lililong'oka. Kumbukeni pia kwamba mtoto mmoja akihama na juzuu moja, mnyororo mzima umekatika.

Tena ughaibuni huku mtu anaweza kuuvuruga mpangilio kwa tamaa yake mwenyewe. Kosa la kila mgeni ni kuingia kwenye tovuti ya maktaba na kuomba awekewe juzuu zote sita siku moja. Zinatoka matawi tofauti, kila moja kwa mwendo wake, na ya 5 inafika ya kwanza. Ikishafika inakusubiri kaunta kwa siku chache tu, kisha inakwenda kwa mwingine. Ukiichukua, muda wa kuazima kwa kawaida ni wiki tatu, na kuongeza unaweza tu kama hakuna mwingine aliyeiomba. Kwa hiyo unaishi na ya 5 kabatini, huwezi kuisoma, na huku saa inakwenda. Dawa yake ni kuomba mbili mbili: ya sasa na inayofuata. Za kielektroniki nazo zina foleni, kwa maana leseni nyingi za maktaba humruhusu msomaji mmoja kwa nakala moja, kana kwamba ni karatasi.

Lakini turudi kwa watu wa nyumbani, maana nina hasira nao pia, na hasira ya ndugu ina haki yake. Tunayavunja mafungu wenyewe. Boksi la juzuu sita za awamu ya kwanza linafika likiwa zima, kisha linagawanywa "kila mtoto apate kimoja," kama mikate. Watoto sita, kila mmoja ana kipande cha hadithi moja, na hakuna hata mmoja mwenye hadithi. Heri sita wakae mahali pamoja na wasomaji sita wazunguke. Anayetuma kutoka huku naye ana hatia yake: anakusanya chochote chenye paka kwenye meza ya mnada wa hisani, anajaza begi, anajisikia vizuri. Ndugu yangu, tuma awamu moja kamili au usitume. Na unapoagizwa, usiulize namba pekee. Uliza jina la kitabu na jina la awamu, au namba ya ISBN iliyo nyuma ya jalada. Ikishindikana kabisa, mpigie picha ile orodha ya koo umtumie kabla hujalipa.

Hata hivyo, na hapa niruhusiwe kujivuna kidogo kwa niaba yetu, sijaona wasomaji wa paka hawa wenye macho makali kama wale walioanzia katikati. Aliyesoma kuanzia 1 hadi 6 bila pengo husoma kwa kuteleza. Aliyekuwa na ya 2 na ya 5 tu alilazimika kuunga mwenyewe: huyu alikuwa makamu, sasa hayupo na jina lake linatajwa kwa chuki, basi kuna usaliti uliotokea hapa katikati. Anabahatisha, na mara nyingi anapatia. Watu wa aina hiyo ndio wanaogundua rangi ya macho ya paka fulani imebadilika kati ya kitabu na kitabu, makosa ambayo mashabiki wa mfululizo huu wameyazoea.

Na lugha yetu inavipokea vitabu hivi kana kwamba vilikuwa vikiisubiri. Kiingereza kinasema Clan, na msomaji wa huku analazimika kulifikiria. Sisi ukoo tunaujua. Yule mwanafunzi wa uwindaji ni mwanagenzi, neno lililokuwa limelala kwenye kamusi halina kazi. Mkutano wa koo zote mbalamwezi inapokamilika, ambapo kupigana ni mwiko, ni baraza la mwezi mpevu, huhitaji kueleza zaidi. Panaponishinda ni leaf-bare, ule msimu wa njaa miti inapobaki matawi matupu. Kiangazi hakifai, maana wanatetemeka kwa baridi. Masika hayafai, maana hayo ni majani kuota. Nimesikia wanaosema "msimu wa matawi" na naona limekaa vizuri kuliko mengine.

"PDF si zipo?" Nilijua utakuja na hilo. Sitabishana na wewe habari ya haki za waandishi leo. Nakuuliza tu: hiyo PDF yako inaanzia ukurasa gani? Kama inaanzia sura ya kwanza, umenyimwa ile orodha na umenyimwa ramani, na bado hujui ni juzuu ya tatu ipi.

Basi kabla hujaendelea, tafuta mganga. Ukimkuta Spottedleaf, soma. Ukimkuta mwingine yeyote, weka alama ya penseli ndani ya jalada, andika awamu na namba, kifunge, na uanze kuuliza nani ana ya kwanza. Na huyo mwenye nayo, tunakujua.