Vyeti vitano, na Excel ya duka inamshinda

Mpe kijana mwenye vyeti vitano vya mtandaoni vya uchambuzi wa data mauzo ya duka la vipuri la Kariakoo, yaliyoingizwa kwenye Excel na muuzaji mwenyewe. Safu ya bei ina "5,000/=", "elfu 5" na 5000. Akijumlisha, kompyuta inahesabu ile ya mwisho tu, maana mbili za kwanza imezisoma kama maneno. Tarehe 3 Aprili imegeuka 4 Machi kwa sababu mashine iko kwenye mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi. Mteja mmoja kaandikwa Juma, Mzee Juma na Juma wa Sinza. Hapo utajua kama alijifunza au alitazama video tu.

Wengi hukwama, na watu husema kozi za mtandaoni ni biashara ya vyeti tu. Hawajakosea sana. Kozi nyingi hupima kwa maswali ya kuchagua, ukikosa unarudia mpaka upite, na majibu yamezagaa mtandaoni kwa anayetaka kudesa. Hata kozi nzuri zina kasoro hii. Cheti cha Google cha uchambuzi wa data, kinachotolewa kupitia jukwaa la kozi za mtandaoni la Coursera, kinafundisha kusafisha data, ila uchafu wenyewe umeandaliwa kwa ajili ya somo. Mfano wake maarufu wa kazi ya mwisho ni Cyclistic, kampuni ya kubuni ya baiskeli za kukodi huko Chicago. Uchambuzi wa Cyclistic umerundikana mtandaoni kiasi kwamba msaili akiukuta kwenye kazi zako hawezi kujua umeufanya au umeukopi.

Na video ina hila yake. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena, wengine wakaandika walichokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, walioandika walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kutazama video ni kama kule kurudia kusoma, tena kwa raha zaidi: mwalimu anaandika fomula, wewe unatikisa kichwa, kila kitu kinaonekana rahisi. Funga video uiandike mwenyewe, uone mkono utakavyosita.

Lakini cheti nacho kina kazi yake. Mwaka 2019 Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa kozi za vyuo vya MIT na Harvard kwenye edX, jukwaa jingine la kozi za mtandaoni. Mwaka wa masomo 2017–18, katika kila waliojiandikisha 100, waliomaliza walikuwa 3 hivi. Kwa waliolipia njia ya cheti, walikuwa 46. Ni kweli kwamba anayelipa huwa ameshadhamiria, kwa hiyo tofauti yote hiyo si ya cheti. Hata hivyo, ukishatoa hela yako mfukoni huachi kozi kirahisi. Tena kwa kijana wa Tunduma asiyemjua mtu yeyote ofisini, cheti ndicho kinachofanya barua yake isomwe hadi mwisho. Wanaobeza vyeti, nimeona, mara nyingi wana digrii tayari, au mjomba kwenye kampuni.

Kwangu mimi tatizo liko kwenye mgawanyo wa muda. Saa kumi za video na nusu saa ya kufanya haziwezi kumtoa mtu, hata kozi iwe ya chuo gani. Tazama somo moja, funga, kisha lirudie kwa data ya watu unaowajua. Kikoba cha mtaani kinatosha: michango, mikopo, marejesho, faini. Omba ruhusa, ondoa majina, jenga jedwali. Ukikosea jumla, mweka hazina atakuambia pale pale, maana anaijua kichwani, na atakuuliza mia mbili elfu zake umezipeleka wapi. Hakuna jaribio la mtandaoni litakalokubana hivyo.

Kuna pingamizi moja zito. Kutazama kunahitaji simu na bando, kufanya kunahitaji kompyuta. Excel ya kwenye simu utaifungua, lakini mistari elfu mbili kwa kidole gumba ni adhabu. Wengi wanaoitwa wavivu wa mazoezi hawana tu mahali pa kufanyia, na ushauri wa "jifunze kwa vitendo" hauwafai kitu mpaka wapate japo kompyuta ya kuazima.

Waajiri nao wanachangia. Tangazo linadai cheti, usaili unakuwa wa kujieleza, halafu mwezi wa kwanza wanashangaa. Wangempa kila mwombaji lile faili la duka la vipuri na dakika 30, wangeokoa muda mwingi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, inafanya jambo linalofanana na hilo kwa mafundi: fundi aliyejifunzia gereji, bila kukaa darasani, anapimwa kwa kazi yenyewe, akionyesha anaiweza ujuzi wake unarasimishwa na cheti anapewa. Aliyejifunza Excel kwa YouTube na daftari la kikoba angefaa kupimwa kwa mtindo huohuo, na aliyedesa majibu angejulikana kabla ya chai ya saa nne.